Fizikia ya bure ilinifundisha kusema kweli

Kutoka Ruiru hadi Thika ni mwendo wa kilomita 20 hivi, na barabara ikiwa wazi matatu huumaliza kwa nusu saa. Mimi naishi Ruiru na kazi yangu iko Thika. Lakini kwa zaidi ya miaka miwili safari hiyo fupi ilikuwa ndefu kwangu, kwa maana kila asubuhi nilizunguka vichochoroni ili nisipite mbele ya kibanda cha mtu mmoja anayechomelea malango na madirisha. Mtu huyo hakuwa amenikosea. Mimi ndiye niliyemkosea, na kwa muda mrefu sikujua hata kosa lenyewe lilikuwa nini.

Leo ningependa kuwaeleza wasomaji habari hiyo, pamoja na jinsi nilivyojifunza somo la fizikia bila karo na bila mwalimu wa kukaa mbele yangu, nikiwa katika umri ambao wenzangu wengi wameshasahau walichoandika ubaoni.

Kazi yangu ni kusuka mota na transfoma zilizoungua. Nilifanya mtihani wa KCSE mwaka 1993. Fizikia niliiacha nilipotoka kidato cha pili, kwa sababu tuliambiwa kuwa ni somo la wachache na vifaa vya maabara havikututosha. Miaka miwili baada ya mtihani nikaingia kwa fundi mmoja mzee mjini Thika, naye akanifundisha kazi kama yeye alivyofundishwa. Koili ikiletwa imeungua, unaifungua polepole ukihesabu mizunguko ya waya, unapima unene wa waya wenyewe, kisha unasuka nyingine ya namna hiyo hiyo. Nilipomuuliza kwa nini mizunguko iwe mia na themanini isiwe mia moja, alinijibu, "Kijana, wewe hesabu. Aliyeitengeneza kiwandani alijua."

Kwa maneno hayo nilikula mkate wangu miaka zaidi ya 20.

MASHINE ISIYO NA WAYA

Mnamo Oktoba 2019 jirani yangu huyo wa Ruiru aliniletea mashine yake ya kuchomelea. Wezi walikuwa wamevunja kibanda usiku, na kwa kuwa mashine ilikuwa nzito mno kubebwa, waling'oa koili zote mbili wakaenda kuuza shaba. Kilichobaki ni kiini cha chuma na kasha lake.

Nilikitazama kile kiini, mikono ikanilegea. Hapakuwa na mzunguko hata mmoja wa kuhesabu. Fundi wa kweli angesema, "Hili silijui." Mimi nilisema, "Njoo Ijumaa." Nikasuka mizunguko 120 upande wa kuingilia umeme, kwa kukisia tu, kwa kuwa mashine nyingine niliyowahi kusuka ilikuwa na idadi kama hiyo.

Mashine ilinguruma kama lori linalopanda mlima. Siku ya pili ikatoa moshi. Mwenyewe alipokuja kuniambia, nilimjibu bila kupepesa macho, "Ndugu yangu, huo ni umeme wa kwako. Umezidi." Akaniamini. Mimi ni fundi, yeye ni mteja, angebisha kwa lipi?

Nikabaki na fedha zake, naye akawa kibarua katika kibanda cha mwenzake. Hapo ndipo nilipoanza kupita vichochoroni.

SIMU YA BINTI YANGU

Mnamo Machi 2020 shule zote nchini zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa Covid-19. Binti yangu alikuwa kidato cha pili, akawa anasoma nyumbani kwa simu. Jioni moja nilimsikia mwalimu ndani ya simu hiyo akizungumza juu ya sumaku na waya uliozungushwa. Nilivuta kiti.

"Baba, hata wewe unataka kusoma?" akaniuliza huku akicheka.

"Rudisha nyuma kidogo," nikamwambia.

Masomo yale yalikuwa ya Khan Academy, shirika lililoanzishwa na Mmarekani Salman Khan mwaka 2008. Awali alikuwa akimfundisha binamu yake hesabu kwa mbali, na jambo hilo la jamaa mmoja likawa shule ya dunia nzima. Baadaye niligundua kuwa hayuko peke yake. Chuo cha MIT kilitangaza mwaka 2001 kwamba kitaweka masomo yake kwenye intaneti, mtu yeyote ayatumie bila malipo. Chuo Kikuu cha Rice, mjini Houston, kina mradi uitwao OpenStax unaotoa vitabu kamili vya kiada. Kitabu chake cha fizikia kilichotoka mwaka 2012 ni kinene kuliko matofali mawili, na hakidai hata senti. Mihadhara maarufu ya Richard Feynman, aliyoitoa kwa wanafunzi wa Caltech kati ya 1961 na 1963, nayo iko wazi kwa kila msomaji.

Pengine msomaji atasema, basi kazi ilikuwa rahisi. La hasha! Siku ya kwanza nilifanya lile ambalo watu wengi hufanya: nilitafuta kanuni ya idadi ya mizunguko, nikaipata katika dakika tano. Ilisema: zidisha 4.44 kwa 50, kisha kwa kiasi cha sumaku kinachobebwa na chuma, kisha kwa eneo la kiini, upate volti za mzunguko mmoja. Nilikuwa nimepima kiini cha jirani yangu, nacho kilikuwa na eneo la sentimita mraba 50. Nikaandika 50. Jibu likatoka kwamba mashine haihitaji hata nusu ya mzunguko mmoja!

Niliona haya peke yangu. Kanuni ilikuwa sahihi, lakini mimi nilikuwa naifanyia kama nilivyozifanyia koili: kunakili nisichokielewa. Sikujua kuwa eneo lile lilitakiwa kuandikwa kwa mita mraba, yaani 0.005. Sikujua 4.44 ilitoka wapi. Hapo nikaamua kuanza chini kabisa, tangu mwendo na kani, kama mtoto wa kidato cha kwanza.

KUTAZAMA SI KUJUA

Kwa miezi mitatu nilitazama masomo ndani ya matatu, asubuhi kutoka Ruiru na jioni kutoka Thika. Nilipopita Juja, palipo na Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, nilijiona kama mwanafunzi mwenzao ambaye hajashuka tu garini. Kila somo nilikubali kwa kichwa. Naam, nimeelewa. Naam, hilo nalo ni wazi.

Halafu binti yangu akanipa swali moja. Pale Fourteen Falls, karibu na Thika, mto Athi huanguka kimo cha mita 27 hivi. Maji yakianguka kimo hicho chote bila kugonga mwamba, yatafika chini kwa kasi gani? Nilishika kalamu, nikaitazama karatasi, nayo ikanitazama. Somo hilo nilikuwa nimelitazama mara mbili.

Ama kweli, kumwona mwogeleaji si kuogelea. Nilijifunza siku hiyo kwamba mwalimu wa kwenye simu ana hatari moja kubwa: anaeleza vizuri mno, hata unadhani akili iliyofanya kazi ni yako, kumbe ni yake. Tangu siku hiyo nilinunua daftari la kurasa 200 na nikajiwekea sheria. Somo moja, maswali kumi. Kwanza nayafanya kwa kalamu, majibu nayafunika kwa mkono. Nikikosa, sisongi mbele. Kitabu cha OpenStax kina maswali mengi mwishoni mwa kila sura, na hiyo ndiyo faida yake kubwa kuliko picha zote.

Swali la maporomoko nililifanya baada ya wiki moja. Zidisha 2 kwa 9.8, kisha kwa 27, tafuta kipeuo cha pili: mita 23 kwa sekunde. Hiyo ni zaidi kidogo ya kilomita 80 kwa saa, yaani maji yale hufika chini kwa mwendo wa matatu iliyoshika barabara kuu. Nilikuwa nimekwenda pale mara nyingi, nikapiga picha na kula samaki, lakini sikuwahi kuyaona maji yale kama nilivyoyaona nilipopata jibu hilo.

Elimu hii ya bure pia ina gharama zake, na si vizuri kuzificha. Kuna bei ya bando, kuna simu yenyewe, kuna kupotea kwa stima. Video hula bando upesi kuliko kitabu. Kwa hiyo kitabu nilikichukua mara moja tu mahali penye waifai, kikakaa ndani ya simu, na jioni nyingine nilikwenda kukisoma katika maktaba ya umma ya Thika, kwa sababu meza yake ni tulivu kuliko nyumba yangu. Video nilizitunza kwa yale tu yaliyonishinda kitabuni.

LUGHA NAYO NI KAZI

Taabu nyingine ilikuwa lugha. Masomo mengi yako kwa Kiingereza, na ubongo wangu hufikiri kazi yangu kwa Kiswahili na Kikuyu. Nilianza kuandika maneno upande mmoja wa daftari. Nikakuta kwamba Kiswahili si maskini kama tunavyokidhania. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Tunayo kani, tunayo nishati, tunayo mkondo na ukinzani. Tunalo neno tungamo, ambalo si sawa na uzito: ukipelekwa mwezini uzito wako utapungua hadi karibu sehemu moja kwa sita, lakini tungamo lako litabaki lile lile. Sokoni tunasema "uzito" kwa yote mawili, na hapana ubaya, lakini darasani kuchanganya huko kulinipotezea wiki mbili.

Yapo pia majaribio ya kuchezea kwenye skrini, yaitwayo PhET, yaliyoanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman katika Chuo Kikuu cha Colorado. Unaunganisha betri, waya na taa, unaona mkondo ukipita, na ukikosea haikuungulii nyumba. Baadhi yake yametafsiriwa kwa Kiswahili. Kwa shule isiyo na maabara, hilo si jambo dogo.

Wala tusidhani kuwa fizikia ni mali ya wageni. Mwaka 1963 mwanafunzi Erasto Mpemba, wa shule ya sekondari ya Magamba huko Tanganyika, alipokuwa akitengeneza aiskrimu aliona mchanganyiko wa moto ukiganda kabla ya ule uliopoa. Alipouliza, alichekwa. Baadaye akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza mgeni Denis Osborne, mwalimu wa chuo kikuu, ambaye hakumcheka bali alitaka jambo hilo lijaribiwe. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala, na mpaka leo wataalamu wanabishana juu ya jambo hilo linaloitwa kwa jina la Mpemba. Kijana yule hakuwa na intaneti. Alikuwa na jokofu na swali, na hakukubali kunyamazishwa.

FUNDI MWENZANGU WA LONDON

Lakini aliyenigusa zaidi ni Michael Faraday. Alikuwa mtoto wa mhunzi huko Uingereza, akasoma shule kidogo tu, akawekwa kujifunza kazi ya kujalidi vitabu. Mchana aliwashonea watu vitabu vyao, akipata nafasi alivisoma. Mwaka 1812 alipata tikiti za kusikiliza mihadhara ya mwanakemia Humphry Davy. Aliandika yote aliyosikia, akayajalidi kwa mikono yake, akampelekea Davy mwenyewe, na mwaka uliofuata akaajiriwa kuwa msaidizi wake. Kwangu mimi, vile vitabu vya wateja ndivyo vilikuwa intaneti yake ya bure.

Mwaka 1831 Faraday alichukua pete ya chuma, akaizungushia waya pande mbili, akizitenga nyaya kwa uzi na kitambaa. Alipounganisha betri upande mmoja, sindano ya upande wa pili ilitikisika mara moja ikatulia. Alipokata umeme, ikatikisika tena. Nilisoma hayo usiku, nikasimama. Pete ile ilikuwa transfoma! Mtu yule alikuwa amekaa akisuka koili kwa mikono kama mimi, lakini yeye aliuliza kwa nini.

Jibu alilolipata ni kwamba sumaku inapobadilika ndani ya koili, kila mzunguko wa waya huzaa volti zake. Hesabu hakuwa nayo nyingi, na kazi ya kuandika mawazo yake kwa lugha ya hesabu ilikuja kufanywa na James Clerk Maxwell. Mimi ilinibidi nipite kwa wote wawili. Ilikuwa mwishoni mwa mwaka 2021 nilipoona kwa kalamu yangu mwenyewe ile 4.44 inatoka wapi: ni pai mara mbili, ukigawanya kwa kipeuo cha pili cha 2. Si uchawi wa kiwandani. Ni umbo la wimbi la umeme wetu, linalopanda na kushuka mara 50 kwa sekunde.

Basi nikairudia ile mashine. 4.44 mara 50, mara 1.2 ambacho ni kiasi cha sumaku ambacho chuma cha namna ile hubeba bila taabu, mara 0.005. Jibu: volti 1.33 kwa kila mzunguko. Umeme wetu ni volti 240. Kwa hiyo mizunguko ni 180 ya kuingilia, na 45 ya kutolea kama unataka volti 60 za kuchomelea.

Mimi nilikuwa nimesuka 120. Nililazimisha kila mzunguko kubeba volti mbili, sumaku ikapanda hadi tesla 1.8, chuma kikashiba. Chuma kikishashiba sumaku, koili haina tena nguvu ya kuuzuia mkondo, mkondo unafurika, waya unaungua. Umeme wa jirani yangu haukuwa umezidi hata kidogo.

KIJANA WA UMEME WA BURE

Kabla sijamaliza habari hiyo, acha nitoe onyo moja. Intaneti haina mlinzi mlangoni. Palipo na Feynman, hatua mbili mbele pana mwongo. Siku moja alikuja kwangu kijana na video ya mashine inayojiendesha: mota inazungusha jenereta, jenereta inarudisha umeme kwa mota, na umeme unaobaki unawasha nyumba. Alikuwa na akiba yake yote mfukoni, akitaka nimsukie mashine hiyo aanze biashara.

Zamani ningechukua fedha zile. Sasa nilichukua daftari. "Tazama, kijana. Mota nzuri ikipewa sehemu 100 za nishati, pengine itakupa 85, nyingine ni joto na kelele. Jenereta nayo ikipewa hizo 85, itatoa 72 hivi. Sasa 72 zitaendeshaje mota inayotaka 100, na bado ziwashe taa?"

Aliondoka amenuna, lakini aliondoka na fedha zake.

NILIPOACHA VICHOCHORO

Jambo la kujua ni kwamba ukishajua huwezi tena kujifanya hujui. Zamani uongo wangu ulikuwa na kivuli cha kujificha, maana hata mimi sikuwa na hakika. Sasa ulisimama uchi mbele yangu, na namba zake. Mapema mwaka 2022, Jumamosi asubuhi, nilipita barabara kuu ya Ruiru na kusimama mbele ya kibanda kile. Mwenyewe alikuwa amerudi hapo, akifanya kazi kwa mashine ya kukodi. Nikamwambia yote: mizunguko 120, mizunguko 180, na maneno niliyomwambia.

Akazima mashine, akavua miwani ya kazi. "Kwa hiyo umeme wangu haukuwa na kosa?"

"Haukuwa na kosa lolote."

"Fundi," akasema polepole, "nilibadilisha waya wa kibanda kizima kwa ajili ya maneno yako."

Sikuwa na la kujibu. Akaingia nyuma, akatoa kile kiini cha chuma kutoka chini ya mabati. Alikuwa amekitunza. Shaba niliinunua mimi, kazi sikumtoza, na fedha zake za kwanza nilimrudishia kwa mafungu matatu. Mashine yake inafanya kazi mpaka leo, na hainguirumi. Hatukuwa marafiki siku hiyo, wala sidai kuwa ni marafiki sasa. Lakini tunasalimiana, na mimi napita mbele ya kibanda chake asubuhi na jioni.

Binti yangu alichagua fizikia na kufanya mtihani wake wa KCSE mwaka 2022. Mimi sina cheti, na elimu niliyoipata haitaniajiri popote. Mtu anayetaka kuwa mhandisi na aende chuoni, maana huko kuna maabara, kuna wenzake wa kubishana nao, kuna mtu wa kumwambia, "Hapa umekosea." Lakini kwa fundi aliyekwisha kuwa kazini, kwa mama mwenye duka, kwa kijana aliyeambiwa somo hili si lako, mlango uko wazi na hauna bawabu.

Mwenye kutaka kuingia achukue daftari, kalamu, na swali moja la kazi yake mwenyewe linalomnyima usingizi. Langu lilikuwa mizunguko 180. Mtu asiye na swali atatazama video mpaka bando liishe, na asubuhi atakuwa yule yule.

Yule fundi mzee aliyenifundisha alikuwa mtu mwema, na mikono yake ilikuwa na ujuzi ambao sijaufikia. Alisema kweli kwamba aliyeitengeneza mashine kiwandani alijua. Vijana wawili wanaojifunza kwangu sasa nawaambia maneno hayo hayo, ila naongeza moja: hata nyinyi mnaweza kujua. Kisha nawapa karatasi, nawaambia wapime kiini kabla hawajagusa waya.